Saadani ilikuwa mji: imekuwaje kijiji?

Mjukuu wa Mrima

Salaamu kwenu nyote, na shikamooni mlionizidi umri.

Marehemu bibi yangu mzaa mama alizaliwa Saadani, akaolewa Tanga akiwa bado binti mdogo, na baada ya hapo hakurudi kwao ila kwa misiba. Alipokuwa akipataja mahali hapo hakusema "kijijini kwetu", alisema "mjini kwetu", na sisi wajukuu tulikuwa tukicheka, kwa kuwa kila aliyewahi kufika huko alituambia kwamba ni nyumba za udongo zilizoezekwa makuti na mabati, visima vichache, msikiti, shule, na ngiri wanaozurura katikati ya nyumba bila kubughudhiwa na mtu kwa sababu hakuna anayewala.

Mwaka jana nilikwenda kumzika mjomba. Tulitoka njia panda ya Mandera alfajiri, tukapita Miono na Mkange kwa barabara ya vumbi ipatayo kilomita 60, na kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimeshaanza, gari letu lilinasa mara mbili katika ule udongo mweusi unaoshika kama gundi. Tukafika watu wameshatoka makaburini. Kesho yake mzee mmoja alinichukua kwenda kuona gofu la jengo la mawe, akaniambia kwamba Wajerumani walilifanya forodha. Nikamwuliza forodha ya nini, mahali pasipokuwa hata na gati? Akanyoosha mkono kuelekea baharini, maji yakiwa yamekupwa mbali kiasi cha ngalawa kulala ubavu juu ya tope, akasema, "Forodha ya pembe, mwanangu."

Tangu siku hiyo jambo hili halijanitoka. Naomba wenye ujuzi wanieleze Saadani ilikuwa nini hasa, na ni nini kilichoimaliza. Nyumbani kwetu kila mtu ana jibu lake: wajomba wanasema ni hifadhi ya wanyama, shangazi wa baba anasema ni mizinga ya Wajerumani, na wengine wanasema ni laana ya pembe na watumwa. Aidha, babu mzaa bibi anasemekana alikuwa kirangozi, yaani kiongozi wa njia, wa misafara. Je, ipo njia ya kulipata jina lake mahali popote?

Mwalimu Mstaafu

Marahaba, mjukuu wangu, na pole sana kwa msiba. Bibi yako hakutia chumvi hata kidogo.

Pwani inayotazamana na Unguja, ambayo wazee wetu waliiita Mrima, ilikuwa katika karne ya 19 na mlolongo wa bandari za misafara, na Saadani ilikuwa mojawapo, kaskazini ya mlango wa Mto Wami, kati ya Bagamoyo na Pangani. Kutoka hapo njia ilipanda kupitia Uzigua na Nguu hadi Mpwapwa, ikakutana na njia ya Bagamoyo, kisha ikaendelea kuvuka Ugogo kuelekea Unyamwezi na maziwa makuu. Zilishuka pembe za ndovu, sandarusi, mpira wa msituni na nafaka, na walishuka pia watumwa, jambo ambalo hatuna haja ya kulifunika. Zikapanda kaniki, merikani, shanga, nyaya za shaba, baruti na bunduki. Wapagazi wa Kinyamwezi walikaa pwani kwa majuma wakingoja mizigo ya kurudi nayo, na hao ndio walioufanya mji uwe mji, maana mtu anayengoja hula, hulala, hukopa, hununua nguo na huoa.

Umeuliza vizuri kuhusu gati. Lile tope uliloliona ndilo lililokuwa neema ya Saadani wakati ule. Jahazi halihitaji kina kirefu, huingia maji yanapojaa, hukaa chini yanapokupwa, na mizigo hubebwa mabegani watu wakitembea majini hadi magotini. Chombo kilichotoka Unguja na upepo mzuri hakikuhitaji zaidi ya siku moja. Tope lilikuja kuwa kasoro zilipokuja meli za moshi.

Wazungu pia waliijua. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa shirika la London Missionary Society alitoka Saadani na ng'ombe kwenda Mpwapwa, akitaka kuthibitisha kwamba magari ya kukokotwa kama yale ya Afrika Kusini yangeweza kuchukua mahali pa wapagazi. Safari hiyo ilifaulu, akarudi na habari njema. Mwaka uliofuata msafara wenyewe ulipoanza, ndorobo, wale inzi wanaoua mifugo, waliwamaliza ng'ombe njiani na magari yakaachwa. Huwa nacheka ninapoifikiria, kwa sababu Mzigua yeyote wa njia ile angewaambia mapema kama wangemwuliza.

Mtawala wa mji alikuwa Bwana Heri bin Juma, aliyekuwa na nguvu kubwa miongoni mwa Wazigua wa bara yake, na ambaye utiifu wake kwa Sultani wa Zanzibar ulikuwa wa jina zaidi kuliko wa vitendo. Mwaka 1888 Sultani Khalifa alipoikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani, na maofisa wake wakaja mwezi wa Agosti kutwaa forodha, vita vilianzia Pangani kwa Abushiri bin Salim na vikasambaa pwani nzima. Shangazi wa baba yako hakukosea kuhusu mizinga: mwezi wa Juni 1889 manowari ziliipiga Saadani na mji ukatekwa. Bwana Heri akahamia bara, akajenga maboma ya magogo, na katika boma la Mlembule aliwarudisha nyuma Wajerumani kabla ya kuzidiwa Januari 1890, wakati Abushiri alikuwa ameshanyongwa Pangani Desemba iliyotangulia. Alisalimu amri mwezi wa Aprili, njaa ikiwa imewadhoofisha watu wake kuliko risasi, na Wissmann, kamanda wa Wajerumani, akampa msamaha na kumruhusu kuujenga mji upya.

Ndiyo maana siwezi kusema kwamba mizinga iliiua Saadani, kwani mji uliochomwa hujengwa tena iwapo sababu ya kuwapo kwake bado ipo. Sababu hiyo iliondolewa na reli. Reli ya Tanga ilianza kujengwa mwaka 1893 na ikafika Mombo mwaka 1905. Mwaka huohuo ikaanza Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam, ikafika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa Unyamwezi ukaanza kupita kusini ya Saadani, mzigo wa Usambara ukapita kaskazini yake, na katikati wakabaki watu wenye bandari isiyokuwa na cha kupakia. Hata Bagamoyo, iliyokuwa kubwa zaidi na iliyopoteza makao makuu ya serikali kwa Dar es Salaam mwaka 1891, haikupona, sembuse Saadani.

Mvuvi wa Bamvua

Nawasalimu. Mimi nimezaliwa hapohapo panapozungumzwa, na ninaandika kwa simu nikiwa dagoni, kwa hiyo mnisamehe nikikatika katikati.

Mwalimu amesema kweli tupu kuhusu mambo ya zamani, nami nimejifunza, lakini ningependa kuweka jambo moja sawa. Watu husema Saadani "imekufa" kana kwamba sisi tuliopo ni vivuli. Misafara ilipoondoka watu hawakuondoka wote, waligeukia bahari. Kamba wa upande wetu, kwa sababu ya maji ya tope yanayoletwa na Mto Wami, walijulikana hadi Dar es Salaam. Nilipokuwa mtoto, bamvua, yaani maji makubwa, ikiingia, ungewaona akina mama wamepanga mapipa yaliyokatwa nusu juu ya mafiga, wanachemsha kamba kwa maji ya chumvi, halafu wanawaanika juu ya mikeka na makuti hadi ufuo wote unakuwa mwekundu, nasi watoto kazi yetu ilikuwa kushika fimbo na kufukuza nyani na kunguru. Harufu ile ukiizoea unaisikia hata ukiwa Kariakoo. Siku za maji mafu hakuna kazi, watu wanashona nyavu na kulipana madeni.

Baadaye zikaja meli kubwa za kukokota nyavu za kamba, zikawa zinapita usiku mbele yetu zimewaka taa kama mji, na asubuhi unakuta jarife lako limekatwa vipande. Zilikuja kusimamishwa mwishoni mwa miaka ya 2000, lakini wengi walikuwa wameshauza vyombo.

Kuhusu hifadhi, naomba nisieleweke vibaya. Wapo wazee wetu wanaosimulia kwamba pori la akiba lilipoanzishwa, mwishoni mwa miaka ya 1960, wao wenyewe walilikubali, kwa sababu majangili walikuwa wakiingia na kutoka watakavyo na hapakuwa na wa kuwazuia. Ugomvi wa mipaka ulikuja baadaye, hasa tangu ilipokuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Mimi binafsi nilikuwa na shamba la minazi la marehemu baba, minazi 40 na kitu, na siku moja nikakuta kigingi cha saruji kimesimama upande wa huku, maana yake shamba lote limebaki upande wa huko. Nilikwenda ofisi moja nikaelekezwa nyingine, na ile nyingine ikanirudisha ya kwanza. Nazi zinaanguka, tembo wanazila, nami naziona kwa macho.

Hata hivyo, siwezi kusema kwamba hifadhi ndiyo iliyotupunguza, maana tulikuwa tumeshapungua kabla yake. Kinachotupunguza sasa ni kwamba mtoto akimaliza darasa la saba anakwenda kusoma mbali, akitoka huko anakwenda Bagamoyo au Dar es Salaam, na akirudi ni kwa ajili ya sanda, kama bibi yako. Nyumba ya jirani yangu wa kulia imefungwa, ya kushoto anaishi mzee peke yake, na mlango wa tatu pameota mbono.

Mzee aliyekupeleka kwenye gofu namfahamu. Angekupeleka pia ndani zaidi, ungeona jambo la ajabu: unatembea porini, hakuna dalili ya mtu, mara unakuta miembe mikubwa imesimama kwa mstari. Embe halijipandi kwa mstari.

Msomajalada

Hiyo miembe ya ndugu Mvuvi wa Bamvua ndiyo iliyonitoa mafichoni, kwa kuwa nimekuwa nikisoma uzi huu kimyakimya tangu asubuhi.

Naomba kwa heshima nitofautiane kidogo na Mwalimu Mstaafu. Maelezo ya reli yanatosha kwa bandari, lakini hayaelezi kwa nini bara ya Saadani, yaani mashamba ya Wazigua na Wadoe yaliyokuwa yakiulisha mji, nayo iligeuka pori. Hapo inabidi tuangalie miaka ya 1890. Sotoka, ugonjwa wa mifugo, iliwamaliza ng'ombe mwanzoni mwa muongo huo. Mwaka 1894 nzige walikula mazao na njaa ikafuata. Kisha kati ya 1898 na 1900 ukaja ukame mwingine uliowatawanya watu, wakati ambapo kodi ya nyumba ilikuwa imeshaanza kudaiwa. Mahali palipolimwa na kuchungwa, vichaka hukatwa na ndorobo hukosa pa kukaa, lakini watu wakiondoka vichaka hurudi, ndorobo huja navyo, na wanyama pori hufuata, hata mtu akitaka kurudi na mifugo hawezi tena. Kwa hiyo mgeni anayelipwa kuonyeshwa "pori lisiloguswa" anatazama, kwa sehemu kubwa, mashamba ya watu waliokimbia njaa. Minazi ya ndugu yetu iko katika mkumbo huohuo, isipokuwa yeye hakukimbia.

Pili, Saadani haikuachwa moja kwa moja baada ya reli. Katika miaka ya kwanza ya karne ya 20 kiwanda cha kusokota pamba cha Leipzig kilifungua shamba kubwa la pamba jirani na Saadani, likilimwa kwa majembe ya mvuke, mitambo mizito ambayo sijui waliipitishaje katika tope lile. Baadaye wilaya za pwani zikajaa mkonge, na kaskazini ya kijiji, Mkwaja, kampuni ya mkonge ikaanzisha ranchi mwaka 1954 ili kuwapatia wafanyakazi wake nyama. Ranchi hiyo ilipambana na ndorobo kwa dawa na majosho kwa karibu nusu karne, ikafungwa mwaka 2000, na ardhi yake ndiyo iliyoongezwa katika hifadhi. Hata mwaka 1963, ilipojengwa reli ya kuunganisha Ruvu na Mnyusi, njia ilipita magharibi ya kijiji, kituo cha karibu kikawa Mvave. Kwa maneno mengine, Saadani imepitwa na reli mara tatu.

Sasa swali la babu. Jina la kirangozi mmoja ni gumu kupatikana, lakini si muhali. Nyaraka za serikali ya Wajerumani zimehifadhiwa katika Kumbukumbu za Taifa, Dar es Salaam, na mambo ya Saadani yatafute chini ya wilaya ya Bagamoyo. Uwe tayari, kwa sababu mwandiko wa mkono wa Kijerumani wa zama hizo hata Mjerumani wa leo huhitaji kufundishwa kuusoma. Ukitafuta katika maandishi ya Waingereza, jaribu tahajia ya "Sadani", na uombe pia vitabu vya wilaya, ambamo maofisa waliandika masimulizi ya koo na majumbe. Zaidi ya hapo, vuka uende Unguja, Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani, kwa sababu matajiri waliogharimia misafara ya Mrima walikaa huko na mikataba yao mingi iliandikwa huko, mingine kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu.

Jambo moja la kuzingatia: watu wa misafara mara nyingi waliandikwa kwa majina ya safari na si ya nyumbani. Ukikuta Mabruki au Farjala kumi katika orodha moja usikate tamaa, lakini kabla hujaenda jalada lolote, waulize wazee wenu kama babu alikuwa na jina la utani.

Mwalimu Mstaafu

Ndugu Msomajalada, nakubali kuhusu njaa, na nakiri kwamba nimefundisha habari hii kwa miaka mingi nikianza na reli na kuishia na reli, kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa rahisi kuchora ubaoni. Kuhusu pamba sikubali. Shamba lile halikuwa la watu wa Saadani. Wao walitafutwa kama vibarua, na mji haurudi kuwa mji kwa sababu umepata mwajiri.

Ningeongeza tu kwamba mambo yanaweza kugeuka. Barabara ya lami ya Bagamoyo, Saadani, Pangani hadi Tanga inajengwa, pamoja na daraja la Mto Pangani. Kwa mara ya kwanza tangu wakati wa misafara, njia kuu itapita upande ule.

Mvuvi wa Bamvua

Itapita, Mwalimu, ila kupita si kusimama. Tumeshaanza kuona watu wageni wanaulizia viwanja, na wanaouza ni haohao vijana waliokwisha kuhama.

Mjukuu wa Mrima

Nawashukuru nyote kuliko ninavyoweza kuandika.

Nimempigia simu mama usiku nikamsomea maneno yenu, na nilipofika kwenye jina la utani akanikatiza. Anasema bibi hakuwahi kumtaja baba yake kwa jina la kuzaliwa, alimwita Barghumu, na wao siku zote walidhani ni jina la ukoo. Nimeangalia kamusi asubuhi: barghumu ni pembe ya mnyama inayopigwa kuita watu, na kirangozi ndiye aliyekuwa mbele ya msafara. Sijui kama jina hilo liliandikwa popote, ila sasa ninajua cha kutafuta, nami nitaanzia Dar es Salaam wiki ijayo, kisha Kilimani nikipata nauli.

Ndugu Mvuvi wa Bamvua, nitakuja tena kwa arobaini ya mke wa mjomba, naye amemfuata mumewe mwezi huu. Nikifika ningeomba unipeleke kwenye ile miembe. Mama anasema nyumba ya Barghumu ilikuwa "juu ya kisima, penye miembe mitatu", na kwamba bibi alikuwa akichota maji hapo kabla ya jua kuchomoza kwa kuogopa simba. Nitakuja na kamba ya kupimia na daftari. Nyumba yetu ya sasa pale kijijini imefungwa, kwa hiyo nitashukuru pia ukiniulizia pa kulala.

Mvuvi wa Bamvua

Pa kulala pasikusumbue, utafikia kwangu, mke wangu ameshasema. Kisima chenye miembe mitatu nakijua, mmoja ulianguka mwaka wa El Niño. Sasa kiko upande wa huko wa kigingi, kwa hiyo itabidi tuombe ruhusa kwanza na kwenda na askari. Njoo kabla ya masika.